Kitabu cha Kikumuki Ndani ya Beseni

Mimi ni mtu wa kinyaa, wala sijivunii. Tangu utotoni siwezi kunywea kikombe alichonywea mwingine, na nikiona unywele kwenye wali, basi siku hiyo nimemaliza kula. Mama alikuwa akinicheka, akisema hajui nitaolewa na nani, labda malaika. Niliposema nakwenda Saudia kufanya kazi ya nyumbani, watu wa mtaani kwetu Lamu walishika mbavu, kwa sababu walijua ninakwenda kusugua vyoo vya watu. Hata mimi nilijua. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kona ya Mombasa ilikuwa na ofisi ya ajenti, na kila ofisi ina picha ya mnara mrefu na mwanamke wa baibui anayetabasamu. Nikasaini.

Nilifikia Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, kwenye nyumba ya ghorofa mbili yenye zulia mpaka ngazini. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, ambaye tulimwita baba, alikuwa mwanamume nadhifu wa kutazama: kanzu nyeupe isiyo na mkunjo, na harufu ya udi inayofika mlangoni kabla yake. Mtu huyu alikuwa akikata kucha za miguu palepale sebuleni penye kahawa, kisha ananiita nije kuziokota. Si kwa ufagio, kwa sababu ufagio, alisema, unazitawanya. Kwa mkono. Nilikuwa naziokota moja moja, vipande vya manjano vilivyojikunja, mate yananijaa mdomoni. Mkewe, madam, wakati huo anatazama runinga. Alikuwa na kipaji cha kujitia hamnazo ambacho sijakiona kwa mtu mwingine.

Madam hakuwa mtu wa Riyadh. Kwao ni Jeddah, na babu yake mzaa mama alikuwa mgeni aliyetoka nchi za kaskazini akaja kuhiji, akabaki. Mumewe hakumwacha asahau jambo hilo. Wageni wakija, vikombe vikianza kuzunguka, lazima atupie neno: "Wakwe zangu mimi ni tarsh bahr." Matapishi ya bahari. Ndivyo baadhi yao wanavyowaita watu wa Hijazi ambao wazee wao walikuja kuhiji kutoka mbali. Wageni wanacheka, na madam naye anacheka, tena anawashinda kwa kucheka. Mimi nimesimama pale na dele la kahawa, naendelea kumimina.

Dereva wa nyumba alikuwa Mkenya mwenzangu, Mkristo wa upande wa Kitale. Ndiye aliyenipa somo nililolihitaji zaidi, siku aliponipeleka kununua mboga.

"Sista, hapa usikae na karatasi iko na maandishi hawaelewi," akaniambia. "Mimi nilikuja na kitabu ya nyimbo za church, ya Kibukusu. Wakaipata. Wakaniuliza hii ni sihri ya kuroga nani."

"Ukafanyaje?"

"Niliitupa mwenyewe. Bora kazi iendelee. Hawa watu wakisoma kitu na isome vile hawajazoea, halas, wewe ni mchawi."

Nilimcheka. Mimi ni Muislamu, nikamwambia, na nimesoma chuoni kwa mwalimu wa Qurani, mimi hawataniweza kwa hilo.

Haukupita muda mrefu mama yake madam akapata kiharusi. Aliishi peke yake kwenye fleti yake Jeddah, mtaa wa Al-Safa, na binti hakutaka kuhamia kumuuguza, wala mkwe hakutaka kumleta Riyadh. Wakanipeleka mimi. Ndani ya ndege nilijiandaa kutapika: kumwosha mtu mzima, kumbadilisha nepi, kumtoa mate mdomoni kwa kitambaa. Nilipomgeuza mara ya kwanza aligeuza uso ukutani akasema, "Samahani, mwanangu." Alisema hivyo kila nilipomgeuza, asubuhi na jioni, kana kwamba hajawahi kusema. Tangu nifike Saudia hakuna aliyekuwa ameniomba samahani kwa lolote. Sijui kinyaa kilikwenda wapi. Yeye ndiye aliyenichafulia mikono kuliko wote, na ndiye pekee ambaye sikuwahi kumwonea kinyaa.

Nilimwita sitti, kama watu wa Jeddah wanavyowaita bibi zao. Yeye aliniita kizim, nikadhani ni jina la mtumishi aliyenitangulia. Kumbe ni "binti yangu."

Chini ya mto wake kulikuwa na kitabu kilichofungwa kitambaa cheupe. Nilidhani ni msahafu, nikaenda kutia udhu kabla sijakigusa. Kurasa za mwanzo kweli zilikuwa Yasini na dua. Nikafungua mbele, nikaanza kusoma kwa sauti ili nimfurahishe, na masikio yangu yakakataa. Herufi zilikuwa za Kiarabu, nadhifu, zimeandikwa kwa mkono, lakini maneno hayakuwa Kiarabu. Nyingine zilikuwa na nukta ambazo Mwarabu hazitumii.

Sikushangaa sana. Kwetu kuna sanduku la bibi yangu lililojaa karatasi za namna hiyo, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu: tenzi, barua za posa, dawa za chango. Bibi aliandika hivyo maisha yake yote. Kisha akaja karani wa serikali kuandikisha watu, akamwona hajui herufi za Kizungu, akajaza kwamba hajui kusoma wala kuandika, akampakaza wino kidoleni. Nilikuwepo nimeshika upindo wa leso yake. Yule karani simsamehe mpaka leo, ingawa hata sura yake siikumbuki.

"Sitti, hii si Kiarabu," nikasema.

"Wewe umejuaje?"

"Hata sisi kwetu tuliandika hivi. Lugha yetu, herufi zao."

Alinitazama sana. Kisha akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki kufanya kazi.

Lugha ilikuwa Kikumuki. Wakumuki wako Dagestan, kusini mwa Urusi, kati ya milima na bahari ya Kaspi, na siku hizo Kiarabu cha sitti kilikuwa bado kizima, akanisimulia. Baba yake alitoroka wakati wa msukosuko wa kule, kwa njia ya mahujaji, akiwa na mkewe na yeye, kitoto cha mgongoni. Kaka yake walimwacha kwa bibi kwa sababu alikuwa na homa; wangemtuma mtu akamchukue. Mpaka ukafungwa. Baba akawa fundi saa hapa Jeddah, mama akabaki na ule mwanya moyoni.

Huko kwao, alisema, wanawake humlilia maiti kwa mashairi. Anayejua hutunga, na wengine humwitikia. Wanayaita yas. Mama yake alimtungia yas yule mwana, akamlilia akiwa hai, na baba akaiandika yote kitabuni. Mama alipokufa, sitti alikaa kando ya maiti akaanza kuiimba, na wanawake wa Jeddah wakamziba mdomo. Kulia kwa sauti ni dhambi, walisema.

"Mama yangu alizikwa kimya kama paka," sitti akaniambia. "Mimi sitaki hivyo, kizim. Nataka nililiwe kwa lugha yangu. Hata kama ni mbali, hata kama sisikii. Nililiwe kwa ile yas, mwanzo mpaka mwisho."

Hakuwa na haja nyingine duniani. Hakuwahi kuzungumzia fleti, wala dhahabu yake, wala nani arithi nini.

Wa kumlilia alikuwa mmoja tu, binti wa yule kaka aliyeachwa, mwalimu wa Kiingereza huko Dagestan. Mipaka ilipofunguka na mahujaji wa kwao wakaanza kufika, sitti alikuwa akienda kuwauliza mmoja mmoja mpaka akampata mtu anayewajua. Yule binti wa kaka alikuja kuhiji, wakakumbatiana, wakazungumza kutwa nzima bila kuchoka. Sitti akampa kitabu. Yule mwanamke akawa anafungua kurasa kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Hakuweza kusoma hata neno moja.

Sababu ni kwamba huko kwao herufi zilibadilishwa. Kaka yake sitti alipokuwa mwanafunzi, serikali iliondoa herufi za Kiarabu ikaleta za Kilatini. Watu hawajazizoea vizuri, zikaondolewa nazo, zikaletwa za Kirusi. Kila zilipobadilishwa, wazee waliokuwa wasomi waliamka wajinga. Wengine walifukia vitabu vyao ardhini kwa woga. Mtu na mwanawe wana lugha moja mdomoni na hawawezi kusomeana barua. Binti wa kaka alipotuma salamu kwa simu, zilikuja kwa zile herufi za Kirusi, na sitti aliisogeza simu mbali na uso kama chakula kilichochacha.

"Lugha ya mama yangu wameivisha koti la askari," alisema.

Nilielewa vizuri sana alichokisema. Nilimkumbuka yule karani na wino wake, nikajua kumbe wako dunia nzima, watu wanaoketi mezani na kuamua bibi za wenzao waonekane hawajui kusoma.

Basi baada ya alasiri, nikishamwosha na kumlisha, tulisoma. Watoto wa pwani tunaijua kazi hii. Chuoni tulisoma kwa sauti, kwa usahihi, lugha ambayo hatukuelewa neno; mwalimu alitupiga kwa kukosea kuvuta, hakutupiga kwa kutoelewa. Nikakisoma Kikumuki hivyohivyo. Zile herufi za nukta za ziada zilikuwa za sauti ambazo mimi ninazo na Mwarabu hana: pa, cha, na hata ng'. Nilipotamka ng' mara ya kwanza, sitti alipiga kitanda kwa mkono wake mzima. Kulikuwa na sauti nyingine za kukunja midomo kama unayepuliza chai, hizo nilizivuruga kila siku, naye alinisahihisha kila siku. Nikipatia alisema "yahshi," na nilipenda kuambiwa hivyo kuliko nilivyopenda mshahara.

Kisha kiharusi kikarudi, na safari hii kikachukua Kiarabu chote.

Daktari alisema hutokea hivyo, ya mwanzoni hubaki mwishoni. Sitti aliamka akiwa na Kikumuki peke yake, nacho cha vipande, maneno mawili matatu halafu pumzi inakatika. Mji mzima ule haukuwa na mtu wa kumjibu. Madam alikuja kutoka Riyadh, akasimama miguuni pa kitanda. Mama yake akasema, "Suv." Nililijua neno hilo, ni maji. Lakini kabla sijainuka, mkono wa madam ulikuwa tayari kwenye glasi.

Alielewa. Amekua na lugha ile masikioni, angeachaje kuielewa?

Mumewe akaingia akauliza, "Huyu anasema nini?"

"Sijui," madam akajibu, akiirudisha glasi mezani.

Nilimnywesha mimi. Nilikuwa nimewaona watu wachafu, lakini pale ndipo nilipohisi kichefuchefu cha kweli, nikaenda kuosha mikono ambayo haikuwa na uchafu.

Walipoondoka, binti wa kaka akapiga simu ya sitti. Tukazungumza Kiingereza, mimi na yeye. Nikamwambia hali ilivyo, na kwamba sitti hana siku nyingi, na kwamba yas bado iko kitabuni. Akalia. Tukajaribu kupiga picha kurasa, lakini wino ulikuwa kahawia na karatasi kahawia na simu yenyewe ya kizamani. Zilimfikia kama supu ya dengu. Mzee pekee wa mjini kwao aliyezijua herufi zile alikuwa ameshakufa.

"Nisomee," akasema mwishowe. "Wewe soma, mimi nitaandika."

"Sielewi ninachosoma."

"Na mimi sijui kusoma ninachoelewa. Soma tu."

Ndivyo tulivyofanya. Kila alasiri nilikaa kitandani kwa sitti, kitabu pajani, simu karibu na mdomo. Nabonyeza kidole kurekodi sauti, nasoma ubeti mmoja, nakiachia, inakwenda. Anausikiliza huko kwao, anauandika kwa herufi zake za Kirusi, na pasipoeleweka ananiuliza. Namwonyesha sitti kwa kidole, sitti anasogeza midomo, nasoma tena jinsi midomo yake ilivyosema. Herufi zilizompa sitti kinyaa sasa zilikuwa zinambebea haja yake, naye alijua, na hakulalamika. Baada ya kila ubeti binti wa kaka alirudisha sauti yake akiuimba, polepole, kwa lahani ambayo sikuipata kwenye karatasi. Sitti alikuwa akifumba macho na machozi yanamtoka upande mmoja tu. Sikujua hata neno linasema nini. Nililia nami, basi tu.

Tulikuwa tumevuka nusu. Sitti alikuwa ameanza kula vizuri. Nilikuwa nimepiga hesabu kichwani kwamba tukienda hivi, tutamaliza kabla ya mwezi kuandama.

Alasiri moja baba alikuja bila taarifa. Alikuwa na shughuli zake Jeddah, na ana ufunguo. Nilikuwa katikati ya ubeti nikasikia mlango wa chumba ukifunguka, nikageuka. Sijui alikuwa amesimama sebuleni kwa muda gani akisikiliza. Alichokiona kilikuwa mtumishi Mwafrika anayesoma maneno yasiyo Kiarabu kwenye simu, na mgonjwa amefumba macho anatikisa midomo.

"Sihri!" akapiga kelele. "Sihri ndani ya nyumba!"

Kidole changu kikaachia simu, na ile sauti ikaenda hivyohivyo, ubeti ukiwa nusu.

Alinipokonya kitabu. Akajaribu kusoma, na alikuwa anajua kusoma vizuri, hilo ndilo lililomwangamiza. Kila herufi ilikuwa ya kwake na hakuna neno lililomkubali. "Majina ya majini haya," akasema. Nikamwambia ni lugha ya mama mkwe wako, baba, ni Kikumuki, ni wimbo. Nikamfungulia Yasini ya mwanzoni. Akasema wachawi ndivyo wanavyofanya, hutanguliza Qurani ili kudanganya. Sitti akaanza kupiga kelele kitandani, kelele za Kikumuki, ndiyo lugha pekee aliyokuwa nayo. Nilijua anamwambia nini, hata bila kuelewa. Baba akarudi nyuma hatua akasema, "Unamsikia jini anavyojibu?"

Akampigia mkewe simu Riyadh, akaiweka kwenye spika ili nisikie.

"Mama yako aliwahi kuwa na kitabu cha lugha ya ajabu?"

Nikasogea karibu nikasema, "Madam, mwambie. Ni cha babu yako. Wewe unakijua."

"Sikijui," akasema madam. "Mimi sijui lugha yoyote ila Kiarabu."

Kesho yake waliletwa watu wawili: nesi wa kushika nafasi yangu, na mwanamume wa kuzungua, mtoa majini. Huyu wa pili alikuwa na ndevu zenye mabaki ya chakula. Aliagiza beseni, na beseni lililokuwepo lilikuwa moja, lile ambalo namwoshea sitti. Nikasema lile si la kuwekea kitabu, kuna jina la Mungu humo ndani. Hakuna aliyenigeukia. Akajaza maji na chumvi, akasoma, akatemea mate, akasoma, akatemea. Kisha akakichovya kitabu, Yasini na yas pamoja, akakikanda kama mtu anayefua soksi. Wino ukatoka, maji yakawa rangi ya chai. Karatasi zikaanza kumeguka, zikamganda mikononi mwenye vinyweleo, naye anazikung'utia beseni­ni.

Akachukua chupa nyingine ya maji, akaitemea pia, akaipeleka mdomoni kwa sitti. Sitti akayatema. Akamshika taya akamnywesha kwa nguvu, yakamshuka shingoni mpaka kifuani, na baba amesimama pale anasema alhamdulillahi. Mimi ninaswali, ninafunga, na najua dua ni nini. Kile hakikuwa dua. Nilitapika kwenye sinki la jikoni mpaka nikatoa nyongo, nao wakafurahi, wakasema sihri inatoka.

Yaliyobaki kwenye beseni yaliachwa yakakauka uani, yakachomwa.

Polisi hawakuitwa. Baba alitishia sana, lakini kesi ingetaka maelezo, na maelezo yangefika kwa wale wageni wake wa kahawa kwamba jini limekutwa kwa mama mkwe wake. Aliona bora anirudishe Al-Suwaidi anichunge. Nilimuaga sitti kwa mbali, kutoka mlangoni, nesi amesimama katikati. Aliniita kizim. Akasema na mengine, mengi, mpaka pumzi ikamwishia, na kwa mara ya kwanza nilichukia kwamba nimejifunza kusoma tu.

Riyadh nilirudia vyombo na kucha za baba. Simu sikuwa nayo. Ile ya sitti ilichukuliwa na madam, akasema ameitupa. Hakuwa ananitazama machoni. Akitaka kitu alisema akiangalia jiko. Nilimwonea kinyaa kuliko mumewe. Mumewe hakujua alichokiua. Yeye alijua, neno kwa neno.

Kabla mwezi haujaandama sitti akafa. Dereva ndiye aliyeniambia, akivua kofia: "Pole, sista. Yule nyanya wako wa Jeddah ameenda." Nilikaa chini palepale kwenye saruji ya gereji. Madam na mumewe walikwenda kuzika wakarudi siku ileile, na wanawake wakaanza kuja kutoa rambirambi. Tende, kahawa, marashi, shanga za tasbihi. Wanazungumza bei za vitambaa vya maduka ya Al-Sulimaniyah. Hakuna aliyepaza sauti. Walimsifu madam kwa subira yake, naye akapokea sifa.

Siku ya pili, adhuhuri, sebule imejaa, madam aliingia jikoni akafunga mlango. Akafungua bomba la maji mpaka mwisho. Kisha akatoa kifuani simu ya sitti. Hakuwa ameitupa.

"Nilimjulisha binamu yangu wa Dagestan kuhusu msiba. Imeingia leo," akasema. "Sikuweza kuisikiliza kule."

Akabonyeza. Ilikuwa sauti ya binti wa kaka, na nyuma yake wanawake wengi, chumba kizima cha wanawake. Yeye anatanguliza ubeti, wao wanaitikia kwa ile lahani. Niliutambua kila ubeti. Niliyatambua maneno niliyoyasoma vibaya nikasahihishwa, na yale niliyoyapatia nikaambiwa yahshi. Sitti alikuwa analiliwa. Kwa lugha yake, mbali, na hasikii, kama alivyotaka.

Madam aliweka mkono mdomoni. Alikuwa anaelewa yote, mimi nilikuwa sielewi hata neno, na tulisimama upande mmoja wa sinki kama mtu na ndugu yake. Aliunyoosha mkono akanishika kiwiko. Sikuutoa, lakini ngozi yangu ilisisimka kama nimekanyaga kitu chenye utelezi.

Kisha, katikati ya ubeti, sauti zikakatika zote kwa pamoja. Hazikufifia. Zilikatika, na baada ya hapo kikawa kimya cha watu wengi, mtu anakohoa, kiti kinasogezwa. Madam akaitikisa simu, akaitazama kioo. Ilikuwa bado inacheza.

"Mbona wamenyamaza?" akaninong'oneza. "Haijaisha. Mama alikuwa akiniimbia nikiwa mdogo, haiishii hapa. Kwa nini wamenyamaza?"

Nikafunga bomba.

"Hapo ndipo baba alipofungua mlango, madam."